Chumvi ya Samli katika Nchi ya Umezani

Wanaoijua njia ya kwenda Umezani hawana desturi ya kuieleza, na wanaoieleza hawajafika. Basi njia tuiache, tumkute Semeni binti Mzirai akiwa amekwisha fika, amesimama langoni mwa mji mkuu uitwao Kooni, mkoba wake wa kitabibu umefunguliwa juu ya meza na maofisa wanaupekua.

Semeni alikuwa tabibu wa mji mdogo wa milimani ambako dawa zilikuwa adimu. Habari zilikuwa zimewafikia kwamba Umezani kila kinywa hupewa dawa kila asubuhi, bila kudaiwa kitu. Wazee wa mji wake wakamwambia, "Nenda ukaone wanafanyaje, urudi utufundishe." Naye akaenda kwa moyo mweupe.

Maofisa wale hawakuwa wakitafuta silaha. Walikuwa wakitafuta mafuta. Umezani ilitawaliwa na Sheria ya Ukavu, iliyowekwa na Mlishi wa Kwanza, mwanzilishi wa dola. Yeye alifundisha kwamba chenye mafuta huteleza, na kinachoteleza hakitawaliki. Kwa hiyo nazi, ufuta, samli, hata mkia wa kondoo, vyote vilipigwa marufuku. Ofisa mmoja akafungua kikopo kidogo cha unga mweupe, akausugua kati ya vidole, akaunusa.

"Hii nini?"

"Ni chumvi," Semeni akasema, na hakudanganya.

"Kavu," ofisa akawatangazia wenzake, akagonga muhuri.

Asubuhi yake alipelekwa Uwanja wa Kumeza. Mwenyeji wake alikuwa Bwana Kadiri, Mkuu wa Kumeza, mtu mrefu, mpole wa sauti, ambaye shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata kwenye mikunjo ya kiwiko. Mji mzima ulikuwa umejipanga mtaa kwa mtaa, kila mtu na kikombe cha maji mkono mmoja na konzi ya vidonge mkono wa pili. Vilikuwa vidonge vya dawa chungu, inayotibu homa ya bondeni, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza watu wa nchi ile tangu enzi. Kadiri akapanda jukwaani, akameza konzi yake, akapanua kinywa watu waone, kisha akatamka neno moja: "Kimefika."

Hapo umati nao ukameza. Kabla ya neno hilo hakuna aliyeruhusiwa kumeza, na likishatamkwa hakuna aliyeruhusiwa kuacha. Wakaguzi wakapita na vijiti vya kuinulia ndimi. Aliyekutwa na kidonge chini ya ulimi, au aliyetema, alipelekwa machimbo ya chokaa, na kurudi kutoka huko hakukuwa jambo la kawaida.

"Konzi nzima?" Semeni akauliza. "Kwetu mgonjwa hupewa kidonge kimoja."

"Hata sisi tulianza na kimoja," Kadiri akasema. "Mlishi wa Pili akaongeza. Wa Tatu akaongeza. Mlishi wetu wa sasa ndiye aliyetufikisha kwenye konzi. Hakuna nchi inayomeza kama sisi."

"Na homa imepungua?"

Kadiri alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la faragha mbele za watu. "Watu wamemeza, Tabibu. Kilichomezwa kimefika. Hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza."

Semeni akaanza kutembea peke yake. Aliona watu wenye macho ya manjano wakitetemeka katikati ya jua kali. Jioni, mwanga ulipopungua, aliwaona watoto wakipapasa kuta za nyumba zao wenyewe ili waone mlango. Alipita makaburini, ambako kulikuwa kukubwa kuliko soko, na juu ya kila jiwe pameandikwa neno moja tu: Alimeza. Ng'ambo ya makaburi yalikuwako mashamba yaliyotiliwa mbolea ya vyoo vya mji. Mkulima alikuwa akilima, na jembe lake lililia kama linapita kwenye changarawe. Semeni akainama, akachota udongo. Hazikuwa changarawe. Vilikuwa vidonge, vizima kama vilivyotoka kiwandani, vimeoshwa na mvua vikawa vyeupe.

Akabaki ameinama, udongo ungali mkononi. Alichokiona alikifahamu. Dawa ile ina tabia yake: ukuta wa utumbo hauipitishi ikiwa peke yake. Huuzunguka kama mgeni anayezunguka boma asione mlango, mwisho ikatoka ilivyoingia. Inahitaji mafuta, kama yalivyoyahitaji macho ya wale watoto wa jioni. Kwao waliila pamoja na tui, au samli. Na kwa mgonjwa aliyezidiwa, matabibu walikuwa na ile chumvi ya kikoponi: samli ya mbuzi iliyopikwa kwa maji ya majivu mpaka ikatoa unga mkavu. Unga ule hulegeza ukuta wa utumbo kwa kitambo kifupi, dawa ikapenya kwenye damu, kisha ukuta ukajifunga tena. Hawa wa Umezani walikuwa wameufunga mlango wenyewe, na tangu hapo, utawala baada ya utawala, walikuwa wakiutupia mizigo mikubwa zaidi.

Aliomba ruhusa ya kuondoka. Akajibiwa kwa heshima zote kwamba mgeni haondoki kabla ya sikukuu ya Mlishi, na kuanzia siku hiyo askari mmoja akawa anakaa kwenye ngazi za nyumba aliyofikia.

Mchana mmoja Kadiri alikuja, akamtuma yule askari mbali, akafunga mlango nyuma yake.

"Mke wangu ana homa," akasema.

"Amemeza?" Semeni akauliza, wala hakukusudia kumchoma.

"Tangu tuoane hajakosa hata siku moja. Mimi mwenyewe ndiye ninayemkagua ulimi." Akatazama mikono yake. "Nimesikia uliokota vitu shambani. Watu wote wamesikia. Sikuulizi uliona nini. Nakuuliza kama unaweza kumsaidia."

Wakaenda. Zawena, mkewe, alikuwa amelala chini kwenye mkeka, midomo imepasuka, mashavu yameingia ndani. Lakini macho yake yalikuwa macho ya mtu anayesikiliza kila kitu.

"Karibu, dada," akasema. "Samahani siwezi kukuandalia chochote."

Semeni akatoa kikopo, akaeleza bila kuzungusha: chumvi kiasi cha ncha ya kisu, na kidonge kimoja.

"Sheria ni konzi," Kadiri akasema.

"Konzi pamoja na chumvi hii ni kifo. Chumvi hii haichagui, Bwana Kadiri. Inafungua mlango tu. Kidonge kimoja kikipenya chote kinatosha. Vikipenya vyote vya konzi, moyo unasimama."

Kadiri akakitazama kikombe cha maji ambacho Semeni alikuwa akikitilia chumvi. Kikombe kile kilikuwa kimebeba makosa mawili, mafuta na upungufu, na kila moja lilikuwa na shimo lake kwenye chokaa. Mgonjwa asiyeweza kufika uwanjani humeza nyumbani mbele ya shahidi aliyeapa, na shahidi wa nyumba ile alikuwa ni yeye.

"Nitaapa nini kesho?" akauliza.

"Apa unachoapa siku zote," Zawena akamwambia. "Dada, nipe hicho kimoja. Nimechoka kubeba mawe tumboni."

Akanywa. Wale wawili wakakaa mmoja huku mmoja kule. Semeni alishika kifundo cha mkono wa mgonjwa akihesabu mapigo, na kila askari aliyepita barabarani kwa kishindo cha viatu aliwafanya wote watatu wageuze shingo. Jua lilipoanza kushuka, jasho likamtoka Zawena kwenye paji la uso, kisha shingoni, kisha mkeka wote ukalowa. Akaomba uji.

Kesho yake Kadiri aliapa kwamba mkewe alimeza konzi kamili. Semeni alikuwapo, akasikia, akanyamaza. Kiapo kile ndicho kilichomlinda mgonjwa, na kilimlinda yeye pia.

Lakini siha haifichiki katika mji wa wagonjwa. Zawena alipotoka kuchota maji akiwa amesimama wima, na damu imerudi usoni, majirani walimfuata kwa macho mpaka kisimani, wakamkumbuka mgeni aliyeingia kwake na kikopo. Haikupita juma, Semeni akaitwa Barazani pamoja na kikopo chake.

Mlishi Mkuu alikaa juu ya kiti cha mwamba. Uso wake uling'aa kwa unono ambao Semeni, kwa kuwa ni tabibu, aliuelewa mara moja. Ila halikuwa jambo la kulisema mbele ya kiti. Aliyeendesha mjadala alikuwa Bwana Fasili, Mfafanuzi wa Sheria, mtu mdogo anayekohoa kila anapotafuta neno.

"Unga huu unatokana na nini?" Fasili akauliza.

"Na samli ya mbuzi."

Wajumbe wakasogeza viti vyao nyuma.

"Samli ni mafuta," Fasili akaendelea. "Je, kinachozaliwa na mafuta ni mafuta? Mtoto wa mwizi ni mwizi?"

Wakajadili jambo hilo hadi wakati wa chakula, na baada ya chakula wakaendelea. Wengine walisema kitu hurithi asili yake. Wengine wakasema sheria huangalia sura. Mmoja alitaka mbuzi aletwe ahojiwe, hoja yake ikaandikwa. Mwisho Fasili akatoa ufafanuzi: unga ulipita langoni, langoni ulikutwa mkavu, na kwa kuwa serikali haikosei langoni, unga ni mkavu. Kuanzia sasa utaitwa Chumvi ya Mlishi. Utapikwa kwa wingi, na siku ya sikukuu kila mwananchi ataunywa pamoja na konzi yake.

Semeni akasimama bila kuruhusiwa. "Bila konzi," akasema. "Kidonge kimoja. Mkiwapa chumvi hii na konzi nzima mtazika mji."

Fasili akamgeukia kwa upole, kama mwalimu kwa mwanafunzi mzito.

"Tukipunguza konzi leo, Tabibu, tutakuwa tumesema kwamba jana ilikuwa nyingi. Tukisema jana ilikuwa nyingi, tutakuwa tumesema nani alikosea jana?"

Hakuna aliyetazama kwenye kiti.

"Isitoshe," Fasili akasema, "ushahidi tunao. Bibi Zawena alikunywa chumvi akameza konzi kamili, na yuko hai. Kiapo cha Mkuu wa Kumeza kipo."

Semeni akamtazama Kadiri. Kadiri alikuwa akitazama ncha za viatu vyake. Fasili akamuuliza kama anasimama juu ya kiapo chake, naye akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayeitikia jina lake kwenye matanga.

"Basi Bibi Zawena ndiye atakayetangulia kumeza siku ya sikukuu," Mlishi akasema. Hayo ndiyo maneno pekee aliyoyatamka siku ile. "Ni heshima yake."

Semeni akafungiwa jikoni kwa serikali apike chumvi. Aliwaza kuiharibu, akoroge majivu matupu. Lakini wakaguzi walisimama kila upande wa sufuria, na kila pishi walilijaribu kwa mbwa, wakimpa vidonge vichache na chumvi. Mbwa walipokufa, wakaguzi waliandika kwamba chumvi ni nzuri, ina nguvu.

Siku moja kabla ya sikukuu Kadiri alikuja kukagua. Alikuwa amekonda.

"Umemwambia?" Semeni akamuuliza kwa sauti ya chini, akikoroga.

"Anajua."

"Anasemaje?"

"Amefua nguo yake nyeupe, ameianika." Kadiri akajifanya anachungulia sufuria. "Nikikana kiapo, ni chokaa mpaka nife."

"Usipokikana, atakufa yeye. Na nyuma yake wote waliosimama kwenye mistari."

"Huenda nikapata njia."

"Njia ipi?"

Mkaguzi akakaribia, na Kadiri akasema kwa sauti ya ofisini kwamba pishi linakwenda vizuri.

Siku ya sikukuu uwanja ulijaa hadi juu ya kuta. Watu walikuwa wamevaa walichonacho kizuri, konzi mkononi, vikombe vya chumvi vimeshagawiwa. Semeni alisimamishwa kando ya jukwaa kati ya askari wawili, ili watu wamwone mpishi. Aliweza kuona mistari ya mbele: mama mmoja mjamzito, mzee mwenye mkono unaotetemeka vidonge vikigongana kiganjani, wasichana wa shule ya uuguzi waliokuwa wakichekeana. Walikuwa wakimsubiri mtu mmoja ameze, na mtu mmoja atamke neno.

Zawena akapanda akiwa na nguo yake nyeupe. Hakulia, wala hakumtazama mumewe. Akanywa chumvi. Akaitia konzi nzima kinywani, mashavu yakavimba, akasimama hivyo akikabiliana na kiti cha Mlishi. Koo lake halikucheza: alikuwa hajameza.

Kwa mujibu wa taratibu, sasa Mkuu wa Kumeza alitakiwa kumkaribia, amwambie ameze, amkague ulimi, kisha atamke. Kadiri akaenda. Akafika mbele ya mkewe, akaweka kiganja chini ya kidevu chake, kama anavyofanya mtu anayemlisha mgonjwa.

"Tema," akasema.

Hakupaza sauti, lakini uwanja ule ulijengwa ili sauti ya jukwaani ifike ukutani. Zawena akatema. Vidonge vikajaa kiganjani mwa mumewe, vingine vikaanguka.

"Siku ile alimeza kimoja," Kadiri akauambia umati. "Niliapa uongo. Anayemeza konzi na hii chumvi anakufa. Mbwa wamekufa. Msimeze."

Askari wakamkamata mikono yote miwili; hakupingana nao. Mlishi akanyoosha kidole, na Fasili akakimbilia jukwaani kuitengeneza shughuli. Tatizo lilionekana papo hapo. Neno lilikuwa halijatamkwa, na bila neno hakuna aliyeruhusiwa kumeza. Wa kulitamka ni Mkuu wa Kumeza peke yake. Basi ateuliwe mkuu mpya. Naam, lakini mkuu mpya huapishwa kwa kumeza kwanza, mbele ya watu, konzi kamili, na kwa amri ya siku hiyo, pamoja na chumvi.

Fasili akamwita naibu wa Kadiri. Naibu akasema kwa unyenyekevu kwamba hastahili, amtangulie Mkaguzi Mkuu. Mkaguzi Mkuu akasema sheria inampa nafasi hiyo mwenye elimu zaidi. Wajumbe wa Baraza wakaanza kupishana kwa adabu kubwa, kila mmoja akimsogeza mwenzake mbele kwa mkono mgongoni, mpaka mduara ukamrudia Fasili mwenyewe. Akajikuta yuko katikati ya jukwaa na kikombe kimoja na konzi moja.

Watu walimtazama. Jua lilikuwa limefika utosini na hakuna aliyesogea. Fasili alikitazama kiganja chake kama mtu anayesoma kifungu ambacho hakuwahi kukiona. Akakohoa. Akakohoa tena, akaeleza kwamba kikohozi kimemshika na sheria hairuhusu kumeza kwa kikohozi.

Yule mzee mwenye mkono unaotetemeka ndiye aliyeanza. Pengine mkono ulimshinda tu. Kidonge kimoja kikadondoka juu ya mawe, kikafuatwa na vingine, kisha akaifungua konzi yote. Mama mjamzito akafungua ya kwake. Mstari baada ya mstari watu wakaachia, na ikasikika sauti kama mvua ya mawe juu ya mabati, ikiendelea kutoka jukwaani mpaka ukutani. Mlishi alikuwa ameshaondoka wakati sauti ile ilipokoma.

Msifikiri Umezani ilipinduka. Baraza lilikaa siku nyingi, na Fasili, kikohozi kikiwa kimepoa, akaleta ufafanuzi uliompendeza kila mtu. Konzi, alisema, ni kiasi kinachoweza kushikwa kwa vidole viwili, nacho ni kidonge kimoja. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu Mlishi wa Kwanza. Aliyewahi kumeza zaidi alifanya hivyo kwa mapenzi yake. Chumvi itaendelea kunywewa kama ilivyoamriwa. Zawena hakuwa na kosa, kwa sababu hakutema ardhini bali mkononi mwa ofisa, na hiyo ni kurudisha mali ya serikali. Kesi ya Kadiri ndiyo iliyowasumbua. Ikiwa kidonge kimoja ni konzi, kiapo chake kilikuwa cha kweli. Wakamtia hatiani kwa kukikana uwanjani kiapo cha kweli, wakampeleka machimbo ya chokaa.

Semeni akapewa ruhusa ya kuondoka, na njia yake ilipita machimboni. Alimkuta Zawena amejenga kibanda karibu na lango, anapika mboga kwa samli waziwazi, na walinzi wamekaa wanasubiri sahani. Kwa ajili ya chakula kile walimruhusu mgeni asogee kwenye uzio.

Kadiri akaja, mweupe kuanzia nywele hadi nyayo, macho tu ndiyo yaliyoonekana kuwa ya mtu.

"Watu wanapona?" akauliza.

"Wanapona. Nilipotoka, makaburini walikuwa hawajachimba kwa siku kadhaa."

"Nao wanasemaje?"

Semeni angeweza kumpa jibu jingine, na njia nzima baadaye alijiuliza kwa nini hakumpa.

"Wanasema Mlishi ni mkarimu," akamjibu.

Kadiri akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu cha kweli, kilichomkwama kwa vumbi, akashika uzio mpaka kikamwisha. Kisha akampungia mkewe pale jikoni, akainua nyundo yake, akarudi kwenye mwamba.